Laptopu Ilivyolala Katikati ya Akdi

Bora niitoe aibu hii kwa mdomo wangu kabla hamjaisikia kwa wengine: watu wazima wamekaa kitako na kanzu zao, udi unafuka, shekhe ameshakohoa tayari kuanza, na sauti yangu ikatoka ndani ya laptopu ikiutangazia ukumbi mzima kwamba sijala. Hadi leo nikimwona mtu aliyekuwepo siku ile navuka upande wa pili wa njia, ingawa nadhani wengi wameshasahau na ni mimi peke yangu niliyebaki nayo.

Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam nikapata kazi Unguja, katika ofisi ndogo pale mjini, nikapanga chumba mtaa wa Mpendae. Kwetu ni Tabora. Unguja sikuwa na ndugu wala rafiki wa kugongeana mlango, na si kwamba watu walikuwa wabaya, hasha, kila mtu alinisalimu, na jirani yangu kila aliponikuta napita akiwa anakula alinikaribisha, "Karibu chakula," nami kila mara nikajibu, "Ahsante, nimeshakula," kwa sababu sikuweza kujua karibu ipi ni ya kweli na ipi ni ya adabu tu, basi nikawa nazikataa zote ili nisikosee, kisha naingia chumbani na mkate wangu naanza kujiuliza kama nimekataa kwa sauti mbaya.

Ndipo nikaanza kujirekodi. (Subirini kwanza, kucheka kutakuja.) Laptopu yangu ilikuwa na maikrofoni, na Jumapili, siku ambayo haina mwisho kwa mtu asiye na pa kwenda, nilijifungia nikafanya mazoezi ya kukubali mwaliko: nabisha hodi hewani, najikaribisha, najibu, nasikiliza nilivyojibu, narudia tena kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Rekodi moja ilikuwa ndefu kupita zote.

Sasa, mwenzangu wa ofisini, Nassor, kijana wa Malindi ya hapo hapo mjini, dada yake akaposwa. Baba yao, Mzee Khalfan, alikuwa Maskati miaka mingi kwa kazi, na sasa figo zilimchosha, anasafishwa damu, madaktari wamemkataza kusafiri. Idhini ya kumuozesha binti alishampa mdogo wake, Ami Seif, kwa hiyo ndoa haikuwa na kikwazo. Ombi la mzee lilikuwa moja tu, aisikie akdi kwa masikio yake, asikie mkwewe akikubali. Pale ofisini mwenye laptopu yenye kamera na modemu ya intaneti alikuwa mimi.

"Njoo na mashine, Rama," Nassor akaniambia. "Lakini uje kama mwalikwa. Usije ukafunga nyaya zako ukatoka kama fundi."

Ule mwaliko niliugeuza kichwani wiki nzima. Na kwa kuwa nilitaka kila kitu kiende sawa, nikafanya kitu kidogo ambacho mtu mwenye akili zake hakifanyi karibu na shughuli: mashine iliyokuwa haina tatizo lolote nikaiwekea mfumo mpya wa uendeshaji, nikijiambia kwamba huenda wa zamani ukakwama mzee akiwa hewani.

Mfumo ukaingia vizuri, rangi zikapendeza, na laptopu ikaanza kulala. Unaiacha kidogo bila kuigusa, kioo kinazima, feni inanyamaza, na ukiiamsha inakuuliza neno la siri kana kwamba hamjawahi kuonana, halafu modemu nayo inataka iunganishwe upya. Nikaingia kwenye mipangilio ya umeme, palipoandikwa ilale baada ya muda gani nikachagua "kamwe". Ikalala. Nikachomoa betri nikairudisha. Ikalala. Nikaenda Darajani kwenye duka la intaneti kusoma wenzangu waliopatwa na balaa hilo wanasemaje, mmoja anasema ni betri, mwingine ni kifuniko, mwingine anamtukana wa kwanza, nikarudi nyumbani nina mashaka mengi kuliko niliyoondoka nayo.

Jambo moja nililigundua mwenyewe, kwamba sauti yoyote ikiwa inacheza, laptopu hailali. Nikaona hiyo ndiyo dawa: nitacheza kitu kwa chini, kile kidude cha sauti cha programu ya kuchezea nikizibe, mashine ibaki macho na hakuna atakayejua. Ningeweza kumwambia Nassor ukweli, atafute mashine nyingine, siku zilikuwa bado zipo. Lakini nilifikiri, asipoihitaji laptopu, je, mwaliko utabaki? Nikanyamaza.

Nicheze nini? Qur'ani niliogopa, kuisomesha huku nimeiziba isisikike niliona ni utovu wa adabu. Taarabu, ikifyatuka katikati ya akdi nitaingia wapi? Basi baada ya kupima halali na haramu kama kadhi nikaichagua ile rekodi yangu ndefu, ambayo haikuwa dhambi wala thawabu.

Siku ikafika. Ukumbi wa juu, nyumbani kwao, wanaume wamejaa kwenye mazulia, wanawake chumba cha ndani nyuma ya pazia, mimi na laptopu juu ya kigoda karibu na shekhe, waya wa umeme nimeuchomeka mwenyewe nikaukagua, na ile rekodi inacheza ikiwa imezibwa. Mzee Khalfan akatokea kwenye kioo. Alikuwa peke yake chumbani, amevaa kanzu nyeupe na kilemba na joho, bakora mapajani, kama mtu aliyekaa safu ya mbele. Nyuma yake ulionekana ukuta na ndoo ya kufulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nakuoneni. Sogeza kidogo nimuone Seif."

Nikasogeza. Watu wakampungia mkono. Kisha sauti yake ikawa inakatika, mtandao tu, ungetulia wenyewe, lakini Ami Seif akaanza kuhangaika, "Hasikiki, Khalfan hasikiki," na Nassor, kwa nia njema kabisa, akainama juu ya bega langu, akaona kwenye kona ya kioo, kwenye kidirisha cha ile programu ya kuchezea, picha ya spika imekatwa mstari mwekundu, akasema, "Kumbe umeiziba," na kabla sijaukamata mkono wake akaizibua.

"Hodi," nikasema ndani ya laptopu. "Ahsante, nishakaribia. Hapana, nimeshakula." Kikohozi changu. "Nimeshakula. Hapana, si hivyo. Ahsante, kwa kweli sijala." Kikohozi. "Sijala. Nitakaa kidogo. Nikikaa sana mtaniambia?"

Kwanza watu walidhani anayesema ni mzee wa Maskati. Halafu nyuma ya pazia Bi Zuwena, mama wa bibi harusi, akauliza kwa sauti ya mwenye nyumba, "Nani huyo hajala? Seif, mnaozesha watu na njaa zao?"

"Si mtu, bi. Ni kompyuta," mmoja akajibu.

"Kompyuta na ipewe halua."

Wakacheka, na kusema kweli hawakucheka kwa ubaya, mzee mmoja alinipigapiga goti, lakini mimi masikio yalikuwa yanawaka, nikaibofya ile programu nikaifunga kabisa, nikaificha mikono mapajani. Shekhe akainua kiganja, ukumbi ukatulia, akaanza khutba.

Hapo mnajua kinachokuja, na mimi pia nilijua. Rekodi imefungwa, hakuna sauti inayocheza, kilichotakiwa ni kupitisha kidole tu juu ya kile kibao cha kupapasia chini ya vitufe kila baada ya muda. Kidole kimoja. Lakini niliona macho yote yako kwangu (hayakuwa kwangu, watu walikuwa wanamtazama bwana harusi), nikawaza nikigusa tu patatoka jingine, nikasema nitagusa khutba ikifika mwisho, na khutba ilipofika mwisho kioo kikazima na Mzee Khalfan akazimika nacho.

Nikabonyeza. Neno la siri, nikakosea. Nikaandika tena, nikakosea tena. Ikafunguka, modemu imekatika, nikaunganisha, ikakataa, nikaichomoa nikaichomeka, ikakubali, nikapiga simu, inaita. Alipopokea nikainua kichwa kwa furaha niwaambie amerudi, nikaona sinia la halua linapita na watu wanakumbatiana.

Mzee alikuwa bado amekaa vilevile, viganja viwili amevifungua mbele ya uso wake. Akavishusha taratibu.

"Imepita?"

"Imepita, mzee."

"Seif hakukwama? Ana kigugumizi akiona watu wengi."

"Sijui, mzee."

"Hujui vipi? Si ulikuwa hapo hapo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa naiamsha mashine."

"Na kijana? Alikubali kwa sauti, au kwa kunong'ona?"

Nilitaka kusema kwa sauti. Lilikuwa neno moja tu, na lingemtosha. Lakini nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwa bwana harusi na sikuwa nimesikia hata herufi moja.

"Sikusikia, mzee. Nisamehe."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi mimi na wewe hatukuwepo," akasema.

Angeweza kusimuliwa na ndugu yake, nilitakiwa nimwite tu Ami Seif, lakini Ami Seif alikuwa mbali amezungukwa na watu, nikiinuka kumfuata mashine italala, na nikipaza sauti, sauti yangu siku ile ilikuwa imeshasikika vya kutosha. Basi nikabaki nikipitisha kidole kwenye kibao, nenda rudi, mzee akitazama ukumbi kupitia bega langu, mpaka Nassor aliponiona akaja mbio akamwita ami yake. Nikawaachia nafasi. Biriani ilipoletwa nikamwambia Nassor nimeshakula.

Baadaye nilikuja kujua maradhi ya ile laptopu. Ule mfumo mpya ulikuwa hauitambui chaja yangu, kwa hiyo laptopu imechomekwa kwenye umeme na yenyewe inadhani inaishi kwa betri, na kule kwenye betri kulikuwa na mpangilio wa pili ambao sikuufungua, umeandikwa ilale baada ya dakika chache. Nikaubadilisha, haikulala tena.

Nimejiapia mambo mawili: mashine inayofanya kazi siigusi, na nikialikwa harusi nakwenda mikono mitupu, nakaa karibu na shekhe, nasikiliza mpaka neno la mwisho ili mtu akiniuliza nimwambie. Sijaalikwa nyingine bado.