Kibao cha Mdogo Wake

Mkoa wetu una hifadhi saba, na yetu ndiyo kitinda mimba. Kwenye ramani iliyobandikwa ofisi ya mkoa, mahali petu pamefunikwa na kichwa cha pini. Ni kilima kimoja chenye msitu, maporomoko ambayo kiangazi yanabaki mchirizi, na geti moja. Mimi ni dereva wa gari la hifadhi, gari ambalo mlango wake mmoja unafungwa kwa kamba, kwa hiyo watu wakisema nina hasira za karibu, nawaelewa.

Getini alikaa mwanamke tuliyemwita Mama Geti. Alikaa miaka kumi na tisa ndani ya kibanda chenye dirisha moja, meza, daftari la wageni na ubao. Wakuu wa hifadhi walikuja na kuhamishwa, yeye yupo. Mgeni akija na mfuko wa plastiki, alimwambia, "Baba, msitu hauna jalala. Huo niachie mimi hapa." Gari langu aliliita marehemu. Kila asubuhi aliuliza, "Marehemu ameamkaje leo?" nami nilijifanya nimeudhika. Ukweli ni kwamba siku asiponitania niliona kazi nzito.

Kwenye ule ubao kila mfanyakazi alikuwa na kibao chake, kipande cha mbao kinachoning'inia kwenye msumari. Ukiingia msituni unakigeuza upande mwekundu, ukitoka unakirudisha mweupe. Sheria ni moja: kila mtu anageuza cha kwake, kwa mkono wake. Saa kumi na mbili jioni Mama Geti anatazama ubao. Ukiwa mweupe wote, anafunga geti. Kikibaki chekundu hata kimoja, askari wote wanarudi msituni kumtafuta mwenyewe.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa akifyeka njia za wageni. Mama yao aliwaacha wadogo, kwa hiyo dada alimbeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado mtoto, na hata kazi hii yeye ndiye aliyemwombea. Sasa, nyumba ya kijana ilikuwa upande wa pili wa kilima. Kutoka kwenye maporomoko mpaka kwake ni robo saa. Kuja getini kwanza, kugeuza kibao, kisha kuzunguka kilima, ni saa moja na nusu. Dada akamwonea huruma. Kijana akimaliza kazi alishukia nyuma, na ikifika saa kumi na moja dada alimgeuzia kibao. Mkuu hakujua, lakini sisi wengine tulijua. Mimi nilimwona akikigeuza mara ngapi sijui, nikanyamaza, maana nani anataka kugombana na huruma ya mtu? Mazoea yana taabu, wazee walisema, na sisi tulisikia kwa sikio hili likatokea kwa lile.

Siku moja kulikuwa na upepo mkali. Saa kumi na moja dada akageuza kibao kama kawaida. Saa kumi na mbili ubao ulikuwa mweupe wote, akafunga.

Walinzi wa doria walimkuta kijana kesho yake asubuhi, saa nne, hapumui tena. Tawi kavu lilikuwa limemwangukia likamvunja paja. Nilimbeba kwenye lile gari langu mpaka hospitali kwa sababu hatukutaka kuamini macho yetu. Daktari alitazama, akauliza aliumia saa ngapi. Kisha akasema polepole kwamba alivuja damu kwa muda mrefu, na kama angefikishwa jioni ile, pengine angepona. Mama Geti alikuwa amesimama karibu yangu. Tangu siku hiyo hakuliita tena gari langu marehemu.

Mchunguzi akaja kutoka mkoani, akatazama ubao, akaandika kwamba mfanyakazi aligeuza kibao kisha akarudi msituni bila ruhusa. Yaani kijana wa watu amekufa, na juu yake akabandikwa uzembe. Dada alikuwa kwenye kiti chake, anasikia. Akisema, kazi imekwenda, na familia itamtazama kwa jicho gani? Akinyamaza, mdogo wake atabaki mzembe milele. Alinyamaza wiki tatu, akakonda mpaka sare ikamning'inia.

Jumatatu moja akanipa karatasi. Ilikuwa barua ya kwenda mkoani, imeeleza kila kitu. Nikaisoma nikaongeza chini kwamba na mimi nilikuwa nikiona. Tulipoifikisha, akasema, "Sasa nipeleke kwa wifi."

Wifi yake, mjane wa yule kijana, ni mshonaji. Tulimkuta kwenye cherehani, amezungukwa na sare za shule. Kwenye mazishi hakutoa hata chozi, watu wakasema ana moyo wa jiwe. Alitukaribisha viti, akaendelea kushona.

"Wifi," Mama Geti akasema, "kile kibao nilikigeuza mimi."

Cherehani ikanyamaza.

"Uliponipigia jioni ile nikakujibu ametoka kitambo, nilikuwa sijamwona. Nilikigeuza tu, kama siku zote. Hakurudi msituni. Hakuwahi kutoka."

Yule mwanamke hakuondoa mkono kwenye gurudumu.

"Uliniambia ametoka kitambo," akasema.

"Nilikuambia."

"Mimi nikapiga hesabu. Ametoka kitambo, nyumbani hajafika, simu haishiki. Nikasema yuko kwa mwanamke." Alikuwa anazungumza kama anayemsimulia mtu mwingine. "Nilimtukana, wifi. Nikajaza nguo zake kwenye gunia nikaliweka nje ya mlango. Mlipokuja na habari, gunia lilikuwa bado liko pale."

Nililikumbuka. Nililiruka siku ile nikiingia, nikidhani ni vitambaa vya kutupa.

"Kwa hiyo hakuwa kwa mtu?" akauliza.

"Hakuwa kwa mtu. Panga alikuwa ameshalifuta na kulifunga kwenye kitambaa. Alikuwa anashuka kuja kwako."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, kichwa kwenye cherehani, juu ya sare za watoto wa watu. Mama Geti akainuka, akanyoosha mkono amshike bega.

"Usinishike!"

Akarudi kukaa, mikono mapajani, naye akaanza kulia. Nilibaki mlangoni nikiwatazama, wanawake wawili wakimlilia mtu mmoja, kila mmoja kwenye kiti chake.