Koti Juu ya Jiwe

Nina suti moja ya bluu ndani ya kompyuta yangu, pamoja na tai nyekundu, na wanaume wengi waliozikwa upande huu wa Tarime miaka ya karibuni wameivaa. Mimi ndiye niliyewavisha. Studio yangu iko Nyamongo, katikati ya duka la simu na fundi wa bodaboda. Mtu akifiwa anakuja na kitambulisho cha taifa cha marehemu, au picha ya simu iliyopigwa kwenye harusi ya jirani, ananiambia niikuze, nimtoe yule wa pembeni, nimvishe mzee suti, nimsimamishe mbele ya maporomoko ya maji. Hayo maporomoko sijui yako nchi gani. Baada ya saa moja, mtu ambaye hakuwahi kufunga tai maishani mwake anatoka kwenye printa amependeza kama bwana harusi. Fremu inabebwa mbele ya jeneza, inawekwa mezani, halafu inatundikwa sebuleni na wajukuu wanakua wakiamini kwamba babu yao alikuwa meneja.

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo sikuwa naitaja. Wazee wetu wa Kikurya walitobolewa masikio ujanani wakayavuta mpaka yakaning'inia. Watoto wao wanayaonea aibu. "Dada, na hayo masikio yashone kidogo," wananiambia, wakishusha sauti, kana kwamba marehemu yuko chumba cha pili. Nilikuwa nayashona. Nilichukua kipande cha shavu, nikakipaka pale, nikalainisha, sikio likawa zima kama la mwalimu wa shule. Nilikuwa hodari, na nilijisifu kwa hilo.

Kilichonitoa kwenye usingizi huo ni picha ya majani.

Niliitwa kwenye kambi moja ya watalii karibu na Natta, kupiga picha za vitambulisho vya wafanyakazi. Nilipomaliza nikapelekwa ukumbi wa chakula kusubiri usafiri. Ukutani palikuwa na picha pana kama mlango uliolazwa. Ndani yake hakuna simba wala tembo, hata ndege hakuna. Majani tu, marefu, ya kahawia, na mbingu kidogo juu.

"Hii nayo imetundikwa?" nilimuuliza mama mmoja wa Natta aliyekuwa anapanga sahani. "Mnyama alikimbia kabla hajapigwa?"

"Ndiyo sanaa hiyo, dada," alisema. "Wageni wanasimama hapo mpaka supu inapoa."

Nilicheka. Mteja wangu nikimpa picha isiyo na mtu atanidai hela yake mbele ya soko zima. Lakini gari lilichelewa, na mimi sina macho ya kukaa bure, kwa hiyo nikaendelea kuitazama. Nikaona kwamba katikati majani hayakusimama. Yalikuwa yamelala, yameviringwa upande mmoja, mahali pa ukubwa wa ndama. Kuna kitu kilikuwa kimelala pale na kimeondoka.

Hapo nikamkumbuka baba. Nilikuwa na miaka kama minane, mtamba wetu amepotea, na baba amenichukua kumtafuta kwenye mbuga iliyo chini ya kijiji chetu, Kemambo. Alipita kwenye majani akiinama, akasimama mahali pamoja, akachuchumaa, akaweka kiganja chake chini. "Amelala hapa," aliniambia. "Bado pana joto. Weka mkono." Niliweka mkono na kweli palikuwa na joto. Tulimkuta mtamba nyuma ya kichuguu kabla jua halijafika juu.

Pale ukumbini hasira ilinipanda. Kile alichokijua baba yangu kilikuwa kimetundikwa ukutani, kimewekewa taa yake, na watu wanapoza supu kwa ajili yake. Na mimi, binti yake, mwenye kamera shingoni, nilikuwa nauza maporomoko ya maji. Sikuwachukia wageni. Nilijichukia mimi, tena sana.

Tangu siku hiyo Jumapili zikawa zangu. Nikitoka ibadani napanda bodaboda mpaka Kemambo na kamera yangu ya kazi. Nilipiga nyayo za ng'ombe kwenye tope lililokauka. Nilipiga tundu kwenye ua wa miiba ambapo mbuzi wanapenya. Nikirudi Nyamongo nilipiga kilima cha kifusi cha mgodi, pale ambapo nyasi za kwanza zilikuwa zinathubutu kuota juu ya mawe yaliyosagwa. Nilizichapisha kubwa na kuzibandika studio, juu ya picha za maharusi. Watu waliingia, wakatazama, wakauliza kama nimefiwa. Fundi bodaboda wa jirani alisema nimeanza kupiga picha za mashetani, kwa kuwa wao ndio hawaonekani.

"Basi wametulia kuliko wewe," nilimjibu. "Hawafumbi macho taa ikiwaka."

Aliyezisoma alikuwa mmoja tu. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikurya, alizishika mbali na uso wake, akazigeuza kwenye mwanga. Picha ya nyayo aliitazama muda mrefu. "Huyu wa katikati anaumwa mguu wa nyuma," alisema. "Angalia, haukanyagi mpaka chini." Nilikuwa nimeichapisha picha ile mwenyewe, nimeilainisha rangi mwenyewe, na sikuwa nimeuona huo mguu. Nilimpelekea picha kila Jumapili, na kila Jumapili akaniambia nilichokuwa nimepiga.

Yeye mwenyewe hakutaka kupigwa. "Mtu hapigwi picha akiwa kazini," alikuwa anasema, na kazini alikuwa kila siku. Alikuwa na jiwe lake juu ya mteremko, limelainika kwa kukaliwa, na pale ndipo alipochungia, na koti lake la kahawia na redio yake ndogo ya betri. Akifanya kazi alikunja ncha za masikio yake zilizoning'inia na kuzipandisha juu ya sikio ili zisinase kwenye miiba. Nilimbembeleza miezi. Mwisho alikubali, nadhani kwa kuchoka tu.

Siku hiyo alivua koti kwa sababu ya joto, akalitandika juu ya jiwe, akakaa. Nikapiga magoti, nikarekebisha lenzi. "Tata, usinitazame kama askari." Akaanza kutabasamu. Wakati huohuo ndama wa ng'ombe wetu mmoja mwenye baka akaingia kwenye mahindi ya jirani, na baba akanyanyuka na fimbo yake akaenda. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza. Picha ikawa ya jiwe, koti lililobaki na umbo la makalio na mabega yake, redio ikiwa bado inasema, na majani mawili matatu yanaanza kuinuka pale miguu yake ilipokuwa. Alipomrudisha ndama nikamwomba akae tena. Alikataa. Alisema nimeshapata yangu.

Jumapili iliyofuata nilimletea ikiwa imechapishwa. Nilitaka kumwomba radhi. Aliitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo ndiyo yangu," alisema. "Usipige nyingine."

Sikupiga nyingine. Mvua za masika zilipokuwa zinaisha akapata homa, ikamchukua kwa siku tatu.

Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi ofisini Mwanza, alinipigia simu kabla hata sijamaliza kulia. Alitaka picha ya mbele ya jeneza. Alikuwa na kitambulisho cha baba mkononi, ile picha ambayo baba anaonekana kama mtu aliyeulizwa nani kaiba kuku. Nikamwambia picha ipo, baba aliichagua mwenyewe. Nikamtumia ile ya koti.

"Marehemu yuko wapi?" aliuliza.

"Hilo ni koti lake."

"We dada, acha mambo yako ya studio. Watu wa ofisini kwangu wanakuja kuzika. Watakuta koti? Koti, jamani? Mvishe mzee suti. Na yale masikio yashone, wewe si unajua."

Najua. Hilo ndilo lililonichoma. Aliyekuwa ananiambia nifute masikio ya baba yangu hakukosea mlango, alikuja kwa fundi mwenyewe. Nilifungua kompyuta. Niliweka uso wa baba juu ya ile kola nyeupe niliyoizoea, nikakuza sikio la kushoto mpaka likajaa kioo chote, lile tundu na ile ngozi nyembamba iliyolegea. Mkono ulikataa. Niliifunga kompyuta nikampigia kaka, nikamwambia sishoni.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema.

"Basi na livunjike," nilisema, na simu nikakata mimi.

Alikwenda studio nyingine, Tarime mjini. Kwa hiyo siku ya mazishi palikuwa na fremu mbili. Yake ilikuwa tayari mezani, juu ya kitambaa cheupe chini ya turubai: baba ndani ya suti nyeusi, shingo ya mtu mnene, maporomoko yakimwagika nyuma ya kichwa, masikio mazima kabisa. Kazi safi, naisema kama fundi. Mimi niliingia na yangu nimeifunga kwenye kanga, nimetoka nayo Nyamongo juu ya bodaboda nimeikumbatia njia nzima. Niliifungua nikaiweka pembeni ya ile nyingine. Kaka akaja, akaichukua, akailaza kifudifudi chini ya meza. Nikainama, nikaitoa, nikairudisha. Akaiondoa tena. Wageni wake wa ofisini wakaanza kutazama simu zao. Katekista akakohoa. Mara ya tatu sikuirudisha mezani, niliishika kifuani nikabaki nimesimama nayo. Kama angeigusa tena tungeshikana mbele ya jeneza, na nilikuwa tayari.

Ndipo mama akatolewa nyumbani, ameshikwa na wanawake wawili, akaketishwa kwenye mkeka mbele. Macho ya mama ni mazima, anatunga uzi kwenye sindano bila msaada. Aliitazama ile fremu ya mezani. Akauliza kwa Kikurya, kwa sauti yake ya kuitia ng'ombe:

"Huyu ni nani?"

"Ni baba, mama," kaka alisema.

"Baba wa nani?"

Kaka akachuchumaa karibu naye, akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba ni mzee, amependezeshwa tu kwa ajili ya wageni.

"Mume wangu alikuwa na masikio," mama alisema. "Nimelala pembeni ya masikio yale tangu nikiwa msichana. Huyu simjui. Mwambieni karibu, lakini simjui."

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe umeshika nini?"

Niliigeuza fremu. Akainyooshea mikono nikampa, akaiweka mapajani. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye mfuko wa kushoto wa lile koti, kwenye mshono mweupe ambao mimi mwenyewe, niliyeitazama picha ile mara mia, nilikuwa nimeuona kama mwanga tu.

"Huu uzi nilishona mimi," alisema. "Mweusi ulikuwa umeisha." Kisha: "Hapa amekwenda wapi?"

"Kurudisha ndama. Wa yule mwenye baka. Alikuwa ameingia kwenye mahindi."

"Ah," alisema mama. "Huyo ndama." Na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu baba afe, na mimi nikakaa chini pembeni yake nikalia naye, na yeyote aliyetaka kucheka alikuwa huru kucheka.

Tulimzika fremu zote mbili zikiwa mezani. Kaka hakuiondoa yake, aliisogeza tu kidogo, na hakunisemesha mpaka matanga yalipoisha. Kosa langu halijaisha, najua. Nyumba nyingi huku zina wazee ambao niliwafuta masikio, na siwezi kupita mlango kwa mlango kuyarudisha. Ninachoweza nimekiandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa studio: HAPA HATUSHONI MASIKIO. Suti bado ipo, anayeitaka atavishwa. Maporomoko nimeyatoa. Mtu akifiwa namuuliza kwanza marehemu alipenda kukaa wapi, na kama familia ina nafasi nakwenda na kamera. Wengine wananiona nimechanganyikiwa, wanavuka barabara kwa mpiga picha mwenzangu mwenye suti tatu. Waende.

Nyumbani Kemambo picha zote mbili zimetundikwa sebuleni. Mgeni akiuliza juu ya yule bwana mwenye tai, mama anasema ni mgeni wa mwanangu wa Mwanza. Halafu mgeni anaitazama ile ya jiwe na koti na redio, anatafuta, anauliza mbona mzee haonekani.

"Amekwenda kurudisha ndama," mama anamwambia. "Kaa, unywe uji."