Chombo Kifuani mwa Kaka

Kaka yangu alirudi Mingoyo akiwa na chombo kifuani. Nchi ilipofungulia biashara ya nje alipata kazi ya ufundi mashine kwenye meli ya kigeni. Moyo ukamwangusha kazini, wenye meli wakampeleka India, na huko akapachikwa kijisanduku cha chuma chini ya mtulinga wa kushoto.

Nilijisomea habari za chombo hicho nikiwa na kamusi mkononi. Nyaya mbili zilipita ndani ya mshipa, mmoja hadi chumba cha juu cha moyo, wa pili hadi chumba cha chini. Moyo ukizubaa, chombo kiliuchochea, juu kwanza, kisha chini. Ukienda mbio ovyo, kiliupiga shoti.

Pale njiapanda wauza mitumba walimtania. Umeme ukikatika walimwuliza, "Kaka, kwako upo?"

"Kwangu haukatiki. Bili wanalipa wenye meli."

Siku moja, akimenya mihogo uani pamoja na mama, alilegea, macho yakageuka. Mama akamshika. Chombo kikampiga, mama naye akahisi mtetemo mkononi, na punde kaka akaomba maji. Alisema ni kama teke la punda aliye ndani. Tangu hapo mama alikiamini chombo kile kuliko alivyotuamini sisi.

Masika yaliyofuata kaka alivimba miguu, pumzi ikawa fupi. Hospitali walitupatia dawa, wakatuambia waziwazi kwamba moyo umechoka. Alifariki asubuhi, nyumbani, mama akiwa pembeni yake. Bibi jirani alimfumba macho, akatafuta kitambaa cha kumfunga kidevu. Hapo mwili ukashtuka, mabega yakainuka mkekani. Bibi akarudi nyuma hadi ukutani. Baada ya kitambo ukashtuka tena, na tena, kisha ukatulia.

Nilimtazama kifua na pua. Hapakuwa na pumzi. Wanaume wakaenda kuchimba kaburi, maziko yakiwa yamepangwa baada ya adhuhuri. Mama aliweka kiganja kifuani, juu ya kivimbe cha kile chombo, akakataza maiti isioshwe.

Nilimweleza kwamba aliyeshtuka si kaka, ni chombo kilichofanya kazi kiliyopangiwa.

"Chombo cha watu baki kinahangaika naye," alisema, "wewe nduguye unahangaika na kaburi."

Adhuhuri ikapita. Shehe alituma mtu kuuliza, nikamwomba watusubiri. Waosha walikaa barazani na maji yao, hakuna aliyewaharakisha. Ilipokaribia alasiri mkono wa kaka ulikuwa umekakamaa, na mama, aliyekuwa ameushika muda wote kwa mkono wake wa pili, alijua hivyo kabla yangu.

"Kimezimika?" aliuliza.

Ingekuwa rahisi kuitikia. Lakini alikuwa ameniuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Hakijazimika, mama. Kimeacha kupiga kwa nguvu. Vile vichocheo vidogo bado kinatuma. Moyo hauitikii tena."

"Kitatuma mpaka lini?"

"Mpaka betri iishe. Huenda miaka."

"Huko ardhini?"

"Huko huko."

Kiganja chake kilikuwa bado palepale kifuani. Sikuona chozi. Kisha akasema, polepole, kwamba basi hata hicho kinamwita na yeye haitiki.

Akaondoa mkono, akajifunika kanga usoni. Nikatoka barazani kuwaambia waosha waingie.