Susu wa Plywood

Mimi nilikuwa fundi wa vichwa. Usicheke. Hapo Kariobangi ukiona kinyozi ina kichwa kimechorwa mlangoni, nywele boksi, shingo nene kama ya ng'ombe, jua ni mkono wangu. Shule iliniachia darasa la nane, lakini kwa vichwa nilikuwa profesa.

Sasa susu akafariki huko Ukambani. Susu ndiyo nyanya, mamake mathe. Maisha yake yote alipigwa picha moja tu, ya kipande, kile kitambulisho, na mtu akifa kipande kinarudishwa kwa chifu. Kikarudishwa. Hakuna mtu alifikiria. Mathe alishtuka mazishi yakiwa yameisha, amesharudi Nairobi: sura ya mamake haiko mahali popote.

"Wewe si unachora?" akaniambia. "Nichoree mama."

"Mathe, mimi susu nilimwona nikiwa na meno ya maziwa."

"Nitakuambia. Wewe shika brashi."

Nikatafuta plywood Gikomba, mabaki ya kabati. Akataka nichore mwethya, ile siku wamama wanakusanyika kwa shamba la mmoja wao kuchimba matuta, mvua isibebe udongo. Hapo mathe alikuwa na kila kitu. Matuta yazunguke kilima, yasishuke. Susu awe wa pili kutoka kushoto, mguu mmoja ndani ya mtaro, leso kiunoni, kisigino kimepasuka. Nikachora wamama wanne wameinama mpaka mgongo ukaniuma mimi. Jirani wetu, mama wa chapati, akachungulia.

"Huyu wa mwisho anajifanya tu analima. Hata kwetu yuko."

Mathe akacheka. Tangu mazishi hakuwa amecheka.

Ikabaki uso. Alitaka susu ameinua kichwa, kama mtu ameitwa. Nikachora. Susu akatoka na nywele boksi.

"Umenyoa mama yangu!"

"Ni mazoea, mathe. Pua ilikuwa aje?"

"Ya kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Nikaweka nyembamba, si yeye. Nikapanua, si yeye. Macho nilifuta nikarudia mpaka rangi ikawa nzito kama uji. Halafu ukatoka uso mmoja, mathe akasogea karibu. Nikajua nimempata.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Si mnafanana?"

"Watu walikuwa wanasema hatufanani hata kidogo."

Akakaa kwa stuli, akafunga macho. Midomo ilikuwa inasonga bila maneno. Nikangoja, rangi inakauka kwa brashi.

"Mathe, usinilalie. Mteja halali."

Hakucheka. Alipofungua macho alikuwa anaangalia mikono yake.

"Visigino naviona. Sauti naisikia akiniita. Nikigeuka kuangalia, hakuna uso."

"Utakuja tu. Pumzika."

"Tulizika juzi, kijana. Juzi."

Nikachovya brashi upya. Akaniambia nimwinamishe kama wale wengine. Nikapaka kitambaa cha kichwa juu ya ule uso, shingo nikaishusha, susu akaangalia udongo. Mathe hakungoja picha ikauke. Aliisukuma nyuma ya kitanda, rangi ikashika ukuta.

Zamani akianza hadithi za susu ulikuwa huwezi kumnyamazisha. Siku hizi nikimuuliza kitu kidogo tu, kama susu alipenda chai ya aina gani, anasema, "Sijui. Usiniulize mimi."