Hodi Kwenye Pembe ya Shuka

Shangazi yangu wa Muyinga anadarizi mashuka ya maharusi, na mimi nimekulia chini ya meza yake nikiokota vipande vya nyuzi. Kwa hiyo mwanawe aliponipigia simu kutoka Bujumbura, nilikasirika kana kwamba nafukuzwa mimi. Alisema wateja wa mama yake wamekwisha. Harusi za kiangazi zikipita bila oda za maana, atakuja na gari kumhamishia kwake, na chumba cha kazi kirudishwe kwa mwenye nyumba. Ubaya ni kwamba shangazi alikuwa amekubali.

"Kama Mungu anasema nipumuzike, nitapumuzika," aliniambia, kwa sauti ya mtu asiyetaka kupumzika hata kidogo.

Mimi naishi Gitega, mtaa wa Mushasha, ambako nawachapia wanafunzi kazi zao. Nilifunga kibanda, nikapanda gari hadi Muyinga, nikayapiga picha mashuka yote na kuyaweka kwenye ukurasa mmoja wa mtandao. Anwani yake ilijaza kioo kizima cha simu, nikaipeleka kwenye tovuti ya kufupishia linki. Ikarudi fupi kweli, ila na mkia wa herufi na tarakimu zilizochanganywa ovyo. Shangazi akavaa miwani.

"Hii iko namba ya mufungwa," akasema. "Mi siwezi kushona kitu kama hii."

Kushona? Hapo ndipo nilipoujua mpango wake. Alitaka kuidarizi linki kwenye pembe ya kila shuka, ili bibi harusi akisifiwa kitanda chake, aikunjue ile pembe awaonyeshe wenzake. Nikamweleza kwamba mkia unaweza kuchaguliwa, tukaweka maneno yetu wenyewe. Nikapendekeza mashuka-muyinga.

"We unaingiaka kwa nyumba ya mutu bila kupiga hodi?" akauliza.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mimi ni mbishi, na aliyenifundisha ubishi ni yeye, kwa hiyo alishinda. Mkia ukawa hodi-shangazi. Tovuti ikaukubali, naye akaanza kuushona kwa uzi wa kijani kwenye oda chache za mwisho za wateja wake wa zamani, na kile kistari cha katikati hakukisahau.

Tovuti ile huonyesha linki imefunguliwa mara ngapi. Nikiwa Mushasha nilikuwa nachungulia kila mwanafunzi akinipa kisogo, na watu walikuwa wanaingia kweli, wengine wanarudi tena na tena. Lakini oda haikuja hata moja. Kitufe cha kumwandikia shangazi kilikuwa pale chini, kikubwa, chekundu, na hakuna aliyekigusa. Kiangazi kilikuwa kinayoyoma. Nikampigia, nikamwambia tubadili mkia, huu wake una mkosi.

"Nimeisha kushona," akajibu. "Unataka nifumue mashuka ya watu?"

Basi nikapanda gari tena hadi Muyinga, na kutoka hapo nikaenda mwenyewe Giteranyi, kwa wateja wake wa zamani, nimebebwa nyuma ya baiskeli. Mama mmoja muuza vitenge, mtu wa Kivu ya Kusini, alinifungulia ukurasa kwenye simu yake. Aliyajua mashuka yale kuliko mimi niliyeyapiga picha.

"Nilipiga hodi siku ya kwanza, nikangoja," akasema. "Hakuna mutu alisema karibu. Kesho yake nikarudia. Nikasema, labda mama iko na wageni, ao iko mugonjwa. Utaanza kuomba vitu kwa nyumba penye hawajakukaribisha?"

Majirani zake wawili waliokuwa wameketi naye wakaitikia kwa kichwa. Nao walikuwa wamepiga hodi, wakaona kimya, wakaondoka kwa adabu zao. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wao hawakuona cha kuchekesha.

Siku hiyohiyo nilirudi Muyinga, nikamwekea shangazi simu mdomoni. Akajitanda vizuri kwanza, kana kwamba sauti inaonekana, akasema: "Karibu, mama. Pita ndani, keti. Watoto wanaamuka?" Nikaiweka sauti yake juu kabisa ya ukurasa, ili mgeni akigusa tu aisikie. Kabla sijafika Gitega majibu yalikuwa yameanza kumiminika. Kila moja lilikuwa sauti ndefu ya salamu, habari za watoto, habari za mahindi, na mwisho kabisa, kama jambo dogo lililokumbukwa mlangoni, shuka la binti anayeolewa. Nilifurahi, nikawapunguzia wanafunzi bei bila sababu.

Binamu yangu alikuja na gari kama alivyoahidi. Alinisimulia mwenyewe kwa simu. Alikuta baiskeli zimeegemezwa ukutani, na wanawake wa Giteranyi wameketi mkekani hata pa kukanyaga hapakuwepo. Akamwambia mama yake kwamba amekuja kumchukua. Shangazi alikata uzi kwa meno, akamrushia ncha mbili za shuka.

"Shika huko, nyoosha," akamwambia. "Iko mutu anaingojea."

Akashika. Walilikunja pamoja, kisha la pili, kisha jingine, mpaka adhana ya adhuhuri, na gari likarudi Bujumbura tupu.