Kutafuta Miraba Myekundu

Katika miaka ya sabini nilifanya kazi kwenye shamba la majaribio ya mahindi nje ya mji wa Mbeya. Ofisini tulikuwa wawili: mimi, niliyekuja kutoka Iringa baada ya kumaliza shule, na kaka mmoja wa Ilula aliyenitangulia kazini. Mezani tulitandaza karatasi pana ya miraba, na kila mraba ulikuwa kitalu kimoja shambani. Mahindi yakiwa mazima tuliupaka rangi ya kijani; yakishikwa na ugonjwa wa milia, nyekundu. Asubuhi tulitafuta miraba myekundu, tukawatajia vibarua vitalu vya kung'oa.

"Dada, wewe tafuta, mimi niandike," kaka alikuwa akisema kila mara. "Mwandiko wangu mzuri." Kweli ulikuwa mzuri, nami sikuwaza zaidi.

Kisha mama yangu akaugua, nikaenda Iringa kumuuguza. Niliporudi nilikuta kitalu kizima cha mahindi yasiyo na tatizo kimeng'olewa, na chenye ugonjwa kimesimama. Bwana shamba, mkuu wetu, alikuwa anafoka.

"Ulikuwa umelewa? Hata mtoto mdogo anaijua nyekundu!"

Kaka alitazama sakafu.

Tulipobaki wawili nilimuuliza kulikoni. Akaivuta ile karatasi.

"Nionyeshe nyekundu." Nikamwonyesha. "Na kijani?" Nikamwonyesha.

"Kwangu zote zinafanana na majani makavu," alisema. "Nyumbani mama alinichapa kwa kuchuma nyanya mbichi. Alidhani ni ubishi. Mwishowe nikajifunza kuzibonyeza kwanza."

Sikuwa najua kama jambo hilo lipo duniani. Nilitaka kumpa pole, lakini uso wake ulinizuia. Nikachukua kalamu ya wino, nikachora mistari ya mshazari ndani ya mraba mmoja mwekundu.

"Huu unauona?"

Akainama. "Nauona!"

Tukaimaliza miraba yote siku ileile: myekundu tuliitia mistari, ya kijani tukaiacha kama ilivyo.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa bwana shamba. Kupitia ukuta wa mbao nilimsikia akieleza habari za nyanya. Bwana shamba akaja, akaitazama karatasi kwa muda mrefu, akasema, "Mistari ibaki." Kuomba radhi hakuomba, ila hakumfokea tena.

Tangu hapo kaka alitafuta mwenyewe, kidole kikipita mraba kwa mraba, akivitaja vitalu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akaanza pia kuniuliza mambo ambayo nadhani alikuwa ameyameza tangu utotoni: kitenge changu kina rangi gani, maua ya dirishani je. Siku moja akauliza, "Hiyo nyekundu yenyewe ikoje?"

Nikasema ni kama makaa ya moto. Akasema makaa anayaona ya njano. Nikasema ni kama damu.

Akafikiri. "Damu mimi naiona kama tope."

Tulicheka sana. Kisha kidole chake kikarudi kwenye karatasi, akakitaja kitalu kilichofuata.