Maziwa ya Mwanamke wa Kitanda cha Dirishani

Uchungu wa mtoto wangu wa pili ulinianza asubuhi, nikiwa nimekaa mkekani nabangua karanga na mama mkwe. Alikuwa amekuja kutoka kijijini kwake Lusu kunisubiri nijifungue, na tangu afike hakuniruhusu hata kuinua ndoo. Nilipokunja uso mara ya pili aliweka ungo chini.

"Umeanza?"

"Bado kidogo, mama."

Sikuwa na hofu. Binti yangu wa kwanza nilimzaa haraka, bila hata kushonwa, na majirani zangu hapa Itetemia walikuwa wakinitania kwamba mimi nazaa kama mbuzi. Nilioga, nikampeleka binti kwa jirani, nikampigia simu mume wangu aliyekuwa kwenye cherehani yake mtaa wa Ng'ambo. Kisha tukapanda bajaji kwenda hospitali, mama mkwe akinishika kiuno kila gurudumu lilipozama kwenye mchanga.

Mtoto alitoka mchana ule ule. Nilimsikia akilia, nikaona unyayo mmoja mdogo wa rangi ya zambarau ukipita mbele ya macho yangu. Nesi akasema, "Wa kiume, hongera mama." Nikacheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Kondo la nyuma halikutoka. Nesi alinibonyeza tumbo, akasubiri, akabonyeza tena, akamwita mwenzake. Nilihisi joto likienea chini ya mgongo, nikadhani nimejikojolea, nikaomba radhi. Manesi wakaanza kutembea upesi, na mtu mmoja akaniambia nisifumbe macho. Nilikuwa nasikia baridi kama mtu aliyelazwa kwenye sakafu ya saruji. Nilimwona mume wangu mlangoni, mkono wa shati umekunjwa, anapelekwa kutolewa damu. Alinitazama kama anayemtazama mtu asiyemfahamu.

Nilipozinduka, mama mkwe alikuwa ameketi kando yangu.

"Mtoto?"

"Yupo. Mzima."

Daktari ndiye aliyekuja kunieleza, kwa sauti ya chini, kwamba damu ilikataa kukatika na wameondoa kizazi ili niishi. Aliniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Mama mkwe akageukia ukutani, akaanza kukunja kanga ambayo ilikuwa imekunjwa tayari. Huyu ndiye aliyekuwa akisema nyumba ya mwanawe lazima ijae watoto mpaka wakose pa kulala.

Maziwa hayakuja. Nesi alisema ni kwa sababu ya damu niliyopoteza, nivumilie. Walimpa mtoto maziwa ya kopo kwa kikombe, akayatapika. Wakampa tena, akatapika tena. Alilia mpaka sauti ikawa kama ya mlango usiotiwa mafuta, na mimi nikimweka kifuani anavuta, anaachia, ananitazama.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala mwanamke aliyetoka vijiji vya wakulima wa tumbaku. Alikuja kwa pikipiki, uchungu ukiwa umemkalia muda mrefu, na mtoto wake akazaliwa amefariki. Asubuhi ile mumewe na kaka yake walikuwa wamembeba marehemu ndani ya kitenge kwenda kumzika, yeye akabaki. Alikuwa amejifunga kifua kwa kipande cha kanga, lakini gauni lilikuwa limelowa pande zote mbili. Kila mwanangu alipolia, lililowa zaidi.

"Mama," alimwambia mama mkwe wangu, "niletee huyo mtoto."

Mama mkwe alimkumbatia mjukuu wake kama anayemficha. Aliinama sikioni mwangu akanong'ona, "Huyu ametoka kufiwa. Atamnyonyesha mtoto wetu msiba."

"Mpe," nikasema.

"Mwanangu, hujui unalolisema."

"Mpe, mama. Atakufa."

Nesi alisema huo si utaratibu wao. Kisha akasimama akimsikiliza mwanangu, akatoka kuzungumza na daktari, akarudi na vifaa vya kumpima damu yule mwanamke. Majibu yalipotoka safi, alimchukua mtoto mwenyewe kutoka mikononi mwa mama mkwe, akavuka naye wodi.

Nilitaka aokolewe, na alipotulia ghafla nikaona wivu ulionichoma kuliko kidonda cha tumboni. Nilimsikia akimeza. Vidole vya miguu vya yule mwanamke vilijikunja na kukunjuka juu ya shuka, na machozi yakamdondoka mpaka kwenye nywele za mwanangu.

"Ana nguvu," aliniambia baadaye.

"Asante, dada."

"Wangu alikuwa wa kike. Alikuwa na nywele nyingi."

Nikamfunika mwanangu kichwa kwa kanga.

Alimnyonyesha hivyo siku zote alizolazwa, yeye mwenyewe akilia au asipolia, na kila alipomaliza alimrudisha upesi, bila kumbusu. Siku maziwa yangu yalipoanza kudondoka, alitazama kutoka kitandani kwake, akasema, "Basi," akajifunga tena kifua. Mumewe alipokuja kumchukua, mama mkwe alivuka wodi na doti mpya ya kitenge, ile aliyoninunulia kwa Mhindi mjini kwa ajili ya siku ya kutoka na mtoto. Akapiga magoti, yeye mwenye mvi, mbele ya mwanamke wa umri wa binti yake.

"Inuka, mama, nakuomba," yule alisema. "Sitaweza kuichukua. Nikiivaa wataniuliza ni ya uzazi gani."

Akaondoka. Sikumuuliza anaishi kijiji gani. Labda nilijua kwamba nikiuliza nitalazimika kwenda, na nikienda, nitakwenda na mtoto mgongoni.

Nyumbani wanawake walikuja na uji wa pilipili manga, wakapiga vigelegele mpaka barazani. Kila aliyempakata mtoto aliniombea, "Mungu akupe na mwingine." Nikajibu amina. Mama mkwe, aliyekuwa akikoroga uji, alikoroga tu.

Binti yangu hakunisogelea. Alisimama mlangoni, kidole mdomoni, akilitazama lile furushi lililochukua mahali pake. Wageni walipopungua ndipo alipokuja, akainama akamnusa mdogo wake.

"Ananuka dawa," akasema.

"Tutamwogesha."

"Halafu atakaa hapa hapa?"

"Atakaa hapa hapa."

Alifikiri. Kisha akapanda kitandani polepole, akalala upande wangu usio na mtoto, akaweka kiganja juu ya tumbo langu palepale penye bandeji. Paliuma sana. Sikumwondoa, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya karanga.